Rejista Tatu za Etete Asegedech

Ukiuliza pale chuoni kwetu habari za Etete Asegedech, watakwambia alikuwa mpiga chapa hodari, ila mwishoni mikono ilizeeka akafuta kazi yake mwenyewe ya miaka mitatu. Watakwambia kwa huruma, na wengine watatikisa kichwa. Uongo mtupu. Mikono ya yule mama haikukosea hata siku moja. Aliyefuta ni mimi, Shumet, fundi wa kompyuta mwenye cheti cha Addis Ababa ukutani. Nimekaa na jambo hili kifuani mpaka limenichosha, na kwa kuwa nimeshalianza, nitalimaliza.

Alikuja chuo cha ualimu cha Amba Wuha akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka 1958 kwa hesabu yetu. Aliolewa na dereva wa lori la chuo, Gizachew, mtu mpole aliyeitwa vitani kaskazini na hakurudi, wala barua haikurudi. Akabaki na binti mmoja na taipureta. Na taipureta ya Kiamhari si kitu cha mchezo: herufi zetu zimepita mia mbili, vibonye ni vichache, kwa hiyo herufi moja unaiunga kwa mapigo mawili, pengine matatu. Etete alikuwa akipiga bila kutazama vibonye, huku anakusimulia jirani yake alivyomwaga maji machafu mlangoni kwake. Wakuu wa chuo wanne walipita mbele yake. Kila mmoja alidhani anajua kuandika barua, maana barua zake zilitoka safi. Hakuna aliyejua kwamba Etete alizinyoosha sarufi njiani.

Kompyuta zilipoletwa, wapiga chapa wenzake wawili waliomba kustaafu mapema. Yeye alivuta kiti. Ilimchukua mwezi mmoja. Mimi ndiye niliyemfundisha, kijana wa miaka thelathini nisiye na mke, nikijiona nimeshuka na mtandao kutoka mbinguni. Alikuwa akinitania kila siku.

"Shumet, kompyuta zote za chuo unazijua kwa majina," alikuwa akisema, "ila msichana wa kumwita kwa jina huna."

Ni kweli nilizijua. Na hilo lilinipa kiburi, wacha nikiri. Ukitaka kujua ni kompyuta zipi kwenye mtandao wa ndani zimeacha mafaili yake wazi kwa wenzake, huhitaji kupanda ngazi na kugonga milango. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika maneno mawili, na majina yanashuka mstari kwa mstari: ya mhasibu, ya maabara, ya mkuu. Halafu unaliuliza jina moja moja limeacha nini wazi, nalo linajibu. Orodha yenyewe inashikwa na kompyuta moja kwa niaba ya nyingine, kama katibu wa kikao, na kama makatibu wote ina mapungufu yake. Iliyozimwa sasa hivi bado ataitaja. Iliyowashwa sasa hivi ataichelewesha. Na iliyo katika kundi jingine haitaji kabisa mpaka umuulize kwa kundi lake. Haya yote niliyajua kwa ulimi. Kuyakumbuka wakati wa kazi ni habari nyingine.

Sasa kazi ya Etete. Paa la ofisi ya masjala lilikuwa linavuja, na chini ya paa zilikaa rejista kumi na mbili za wahitimu, tangu chuo kilipofunguliwa mwaka 1956 hadi 1983. Walimu waliozeeka walitoka mabondeni huko, wengine mwendo wa siku mbili, kuja kuomba barua ya kuthibitisha kwamba kweli walisoma kwetu. Bila barua hiyo, hakuna pensheni. Na barua huwezi kuiandika bila jina kuwamo katika rejista. Etete aliona kurasa zinashikana kwa unyevu, akamwambia mkuu, mkuu akasema suala litaangaliwa. Hakungoja liangaliwe. Kila alipomaliza barua za siku alifungua rejista moja na kunakili kwenye kompyuta: jina, jina la baba, jina la babu, mwaka, alama. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa hata kikombe cha chai.

Alianza na zile tisa za karibuni, zilizosomeka. Zile tatu za kwanza, za 1956 hadi 1961, zilikuwa zimelowa mpaka kiini, kwa hiyo alizikausha ukurasa kwa ukurasa katikati ya magazeti ya zamani, miaka miwili mizima. Juu ya hayo, ziliandikwa na karani wa kale, Aleka Werede, aliyekuwa na mwandiko wa kikanisa wa kujipindapinda. Etete alikuwa amefanya kazi naye ujanani, na hakuna mwingine chuoni aliyeusoma mwandiko ule. Mwalimu wa miaka ile akija, Etete alimpeleka dirishani, akashika lenzi, akamtafutia jina lake karatasini yeye mwenyewe.

Folda yake aliipa jina "Walimu", akaniomba niifungue kwenye mtandao, ili Yitayish, karani wa dirisha la langoni, aweze kuwatazamia wazee majina yao bila wao kupanda kilima. Nikaifungua. Ilitakiwa niifungue kwa kusoma tu. Kwa uvivu niliifungua yote, kusoma na kufuta.

Kulikuwa na ombi jingine, mwanzoni kabisa, na hilo nalikumbuka kwa uchungu. Aliniita akanionyesha barua.

"Mwanangu, barua zangu zinatoka na tarehe za watu. Mwaka huu si 2003."

Kwetu ulikuwa 1995. Sisi tuko nyuma ya wenzetu miaka saba na miezi. Nikamwambia kompyuta haijui kalenda yetu, tarehe aandike kwa mkono. Akasema haya. Hakuniuliza tena. Baada ya wiki moja barua zake zikaanza kutoka na tarehe sahihi ya kwetu juu ya ukurasa, na mimi mjuaji sikujiuliza inatokea wapi.

Tufike mwaka 1998, mwezi wa Yekatit. Etete alikuwa amemaliza rejista tisa, amebakiza zile tatu za Aleka Werede zilizokwisha kukauka, na miezi miwili kabla ya kustaafu. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Ato Lisanework, mtu wa kupenda usafi. Diski za chuo zilikuwa zimejaa nyimbo, picha za harusi na barua za watu waliokwisha kufa. Akaniita akaniagiza nifute kila faili la kabla ya mwaka 1994. Alitaja mwaka wa kwetu, kama mtu yeyote. Mimi nikaubadilisha kichwani kuwa wa kompyuta: Septemba 2001. Nilijisifu kwa hesabu hiyo, niamini.

Ilikuwa Alhamisi saa tano asubuhi. Nikafungua dirisha jeusi, nikaomba orodha, yakashuka majina kumi na tisa. Nikaandika amri moja ndefu ya kuzipitia kompyuta zote zilizoacha mafaili wazi, na kila faili lililoguswa mara ya mwisho kabla ya Septemba 2001, lifutwe. Sikusema nionyeshwe kwanza. Nikabonyeza, nikaenda kula shiro. Niliporudi kazi imekwisha, na nafasi iliyopatikana ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Nikafurahi. Etete siku hiyo hakuwapo, alikuwa amekwenda mazikoni. Ijumaa asubuhi na mapema, kwa kiherehere, nikapita vyumbani nikapanga upya diski zote, usafi juu ya usafi.

Saa tatu Etete akanituma mtu aniite.

Alikuwa amekaa wima mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Folda ya "Walimu" ilikuwa wazi, na ndani hamna kitu. Akaniambia hajaelewa, pengine amefungua mahali sipo. Nikainama nimsaidie, na macho yangu yakaangukia kwenye kona ya chini ya skrini, panapokaa saa. Nikagusa tarehe. Mwaka 1998.

Nilielewa yote kabla sijakaa. Alikuwa ameirudisha saa ya kompyuta nyuma, akaifanya ifuate kalenda yetu. Miezi yetu ina siku thelathini na ya kompyuta haiko hivyo, kwa hiyo kila mwezi aliisahihisha kwa mkono. Mwezi wetu wa kumi na tatu, ule wa siku tano, kompyuta haina pa kuuweka. Siku zile aliirudisha kila asubuhi kwenye tarehe ya jana yake. Miaka mitatu alifanya hivyo bila kumsumbua mtu, ili barua za chuo zitoke na tarehe ya nchi. Na kila faili aliloliandika lilichukua tarehe hiyo: 1995, 1996, 1997, 1998. Kwa amri yangu, yote ya kabla ya 2001. Mkuu alisema yafutwe ya kabla ya 1994, na kwa hesabu ya mkuu na ya Etete hakuna hata moja lililostahili kufutwa. Nilifuta kwa hesabu yangu.

Nilikuwa na dakika hiyo moja ya kusema. Nilimtazama, akanitazama, nikaogopa kazi yangu, nikaogopa cheti changu cha ukutani, nikafungua mdomo.

"Labda uligusa kitu, Etete," nikasema.

Akatazama vidole vyake. Alivitazama kwanza vya mkono wa kulia, halafu vya kushoto.

"Juzi jioni nilichoka," akasema. "Labda."

Basi. Uongo ni huo, maneno manne, na sikuhitaji kuongeza jingine, maana wengine waliniongezea. Kufika adhuhuri chuo kizima kilijua kwamba mama amefuta rejista. Wasichana wa masjala wakasema walikuwa wameona siku nyingi kwamba anasahau. Ato Lisanework akaitisha kikao akasema, kwa upole kabisa, kwamba wazee wetu wana haki ya kupumzika, na kila mtu akamtazama Etete. Alikuwa amevaa shela yake nyeupe, akaivuta mpaka kwenye paji la uso. Mimi nilikaa nyuma yake. Ningeweza kumgusa bega.

Nilijaribu programu ya kufufua mafaili, ikanirudishia vipande tu, kwa sababu kule kupanga diski kwangu kulishafunika mengi. Kinachofutwa kupitia mtandao hakipiti hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Jumatatu nikamkuta Etete amefungua rejista ya nne ukurasa wa kwanza, anaanza upya. Rejista tisa, miezi miwili. Alikuwa anapiga polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa anatazama vibonye. Nilishindwa kukaa chumba kimoja naye.

Nilianza kutafuta kama yuko yeyote chuoni aliyejinakilia. Nikaomba orodha tena, majina kumi na tisa yaleyale, nikauliza kila moja limeacha nini wazi. Hakuna. Siku ya tano ndipo nilipokumbuka nilichowahi kuwafundisha watu darasani: katibu wa orodha hutaja kundi lake tu. Nikaacha kumuuliza. Jumamosi nikajifungia ofisini, nikaandika amri ya kubisha hodi kila anwani ya mtandao, kuanzia ya kwanza hadi ya mia mbili hamsini na nne. Palipo na kompyuta pangejibu mara moja. Pasipo na mtu, amri ilingoja kwanza, ikahema, ndipo ikakata tamaa na kusogea anwani inayofuata. Nilikaa pale saa nzima natazama ukimya ukishuka mstari kwa mstari. Nilisali pia, na mimi si mtu wa kusali Jumamosi.

Anwani ya mia moja thelathini na moja ikajibu. Ikajiita Maktaba ya Nne. Maktaba yetu ina kompyuta tatu. Nikaiuliza imeacha nini wazi, ikataja kitu kimoja: Walimu.

Nilifuata waya. Nilitoka jengo la utawala, nikapita nyuma ya maktaba, nikateremka kilima kizima macho chini kama ninayetafuta sarafu, na waya ukaniingiza kwenye kibanda cha langoni. Chini ya kaunta ya Yitayish, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ilikuwepo kompyuta chakavu ya maktaba aliyopewa mwaka uliopita ile yake ilipokufa, na hakuna aliyeiondoa kwenye kundi la maktaba. Yitayish akanieleza kwamba umeme wa jengo la utawala ulikuwa ukikatika, wazee wakamngoja pale wakipigwa na jua, kwa hiyo kila Ijumaa mchana alijivutia folda ya Etete. Ijumaa ile aliikuta tupu, akaacha kama ilivyo, akidhani Etete anahamisha.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, wiki nzima chuo kinalia.

"Nilidhani unajua," akasema. "Si wewe ndiye mwenye mtandao?"

Nikafungua folda. Rejista tisa, pungufu ya siku sita. Tarehe za mafaili zilikuwa za 1995 na kuendelea, kama alivyoyaandika. Kama kompyuta ile ingekuwa kwenye orodha yangu, ningeifuta nayo.

Jumatatu nikayarudisha. Chuo kikashangilia, na mshangiliwa nilikuwa mimi. Ato Lisanework alinishika mkono kwa mikono miwili. Jioni Etete alitualika nyumbani kwake, mimi, Yitayish, mkuu na watu wa masjala, akatupikia mchuzi wa kuku wa mayai ambao haupikwi siku ya kazi bila sababu. Walipokwisha kunawa alimega injera, akaizungusha kwenye mchuzi, akaniletea tonge mdomoni kwa mkono wake. Kwetu tonge moja ni ugomvi, kwa hiyo alinilisha matatu.

"Huyu," akawaambia wageni, "ndiye aliyesitiri uzee wangu."

Nilitafuna. Aibu niliyoisikia siku ile siwezi kuipima.

Kisha Ato Lisanework akasimama, na hapa nataka mnisikilize. Akasema wizara inaruhusu mtumishi kuongezewa mwaka mmoja, naye yuko tayari kusaini kesho, ili mama amalizie rejista tatu za Aleka Werede ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzisoma. Watu wakapiga makofi. Etete akangoja wanyamaze.

"Mikono yangu imeniaibisha mara moja," akasema. "Haitaniaibisha mara ya pili. Mtafutieni kijana mwenye macho."

Wakambembeleza. Mkuu akambembeleza, Yitayish akapiga magoti kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, na neno moja langu lingetosha. Mdomo ulikuwa umejaa, naweza kujitetea hivyo. Lakini tonge humezwa. Lile la tatu nilikuwa nimelimeza zamani, na bado nilinyamaza.

Akastaafu mwezi wa Miyazya. Tukampa blanketi na saa ya ukutani.

Kijana mwenye macho alitafutwa. Alikuja na shahada, akakaa na rejista ya kwanza siku nne, akasoma kurasa mbili, na katika hizo mbili akamwandika mtu kwa jina la baba wa mtu mwingine. Wakamwondoa. Paa lilipokuja kutengenezwa, rejista zote zilihamishiwa stoo, na stoo nayo ilikuwa na paa lake. Mvua za mwezi wa Hamle zilifanya ilivyo kawaida yake. Zile tisa hakuna aliyezililia, zilikuwa kwenye kompyuta. Zile tatu zilitolewa mwaka uliofuata zimeshikana kama mkate, zikatupwa pamoja na magodoro.

Miaka miwili tangu karamu ile, akaja langoni mzee mmoja aitwaye Mwalimu Endale, mhitimu wa 1959. Yitayish alikuwa likizo ya uzazi na mimi nilimshikia dirisha. Nikatafuta jina lake kwenye folda huku najua halimo. Akaniambia polepole, kana kwamba mimi ndiye mzee, kwamba alikuwa wa tatu katika darasa lake, na kwamba mama mmoja mwenye lenzi alimsomea jina lake humu chuoni miaka minne nyuma, alipokuja kuuliza tu. Barua hakuichukua siku ile kwa sababu muda wake wa kustaafu ulikuwa bado. Nikamwambia anisubiri. Nikafunga dirisha nikapanda kwa Etete, kwa miguu, bila kujua nitaanzaje.

Nilimkuta uani anakaanga kahawa. Akaniuliza hali, akaniuliza kama nimeoa, nikamwambia bado, akacheka. Binti yake alikuwa amemletea simu mpya, ilikuwa juu ya kigoda haijafunguliwa. Nikasema kabla moyo haujanigeuka.

"Etete, si wewe uliyefuta. Ni mimi."

Nikamweleza yote: amri ya mkuu, mwaka wangu na mwaka wake, saa ya kwenye kona. Alikuwa anazungusha punje kwenye kikaango na hakuacha. Nilipomaliza akauliza jambo moja, nilijua lini.

"Asubuhi ileile. Kabla sijakaa."

"Kabla hujaniambia nimegusa kitu?"

"Kabla."

Akaondoa kikaango motoni, akakiweka chini. Akaniambia kwamba miaka miwili hajagusa kibonye cha kitu chochote, binti yake akimwomba amtumie ujumbe anamwambia vidole vimekufa, na usiku akilala huwa anavihesabia makosa vile vidole, anatafuta ni kipi. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe, anitukane, anitupie kile kikaango. Nilikuwa nalia, na yeye alinitazama ninavyolia bila kunizuia.

"Rejista tatu," akasema. "Ule mwaka mmoja ungenitosha, Shumet. Ungenitosha na likizo juu."

Akauliza nimekuja leo kwa nini, siku zote nilikuwa wapi. Nikamtajia Mwalimu Endale. Alimkumbuka, akanitajia na jina la babu yake, na alama zake za hesabu. Nikashika mikono yake nikamwomba tuteremke wote, aandike barua kwa kichwa chake, mimi nitaipiga muhuri. Akatoa mikono yake katika yangu.

"Barua bila rejista ni karatasi," akasema. "Wewe unajua, na wizara inajua. Nenda kamwambie. Na usimwambie ni mvua."

Nikateremka. Mwalimu Endale alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, kofia magotini. Nikakaa kando yake nikamweleza kama nilivyomweleza Etete: amri, orodha, tarehe, tonge, mwaka mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi anayejikanyaga. Halafu akavaa kofia yake akaniuliza arudi lini kuichukua barua yake.